Hongo ikigundulika kabla ya kura, ufutwe uchaguzi au aondolewe mgombea? Tuitazame R.K. Nagar

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba tujadili jambo hili kupitia jimbo moja tu, R.K. Nagar, kaskazini mwa jiji la Chennai, kusini mwa India. Tamil Nadu, sehemu ya India yenye serikali yake na ndiko iliko Chennai, ina Bunge lake lenye viti 234, mbali na Bunge la taifa lililoko Delhi, na R.K. Nagar ni kiti kimojawapo. Ni eneo la wavuvi, vibarua na familia zinazoishi jirani na jalala kubwa la Kodungaiyur. Kero zao hazijabadilika kwa miaka: maji safi, mitaro, takataka.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kufuta uchaguzi kwa sababu ya hongo ni kumwadhibu mpiga kura na kumwacha mtoa hongo akijipanga upya. Naomba mnisikilize kwanza, halafu mnipinge.

Jimbo hili halikuzaliwa ngome ya mtu. Mwaka 1977 lilimchagua Isari Velan, mwigizaji wa filamu, kwa tiketi ya AIADMK, chama kinachoshindana na DMK katika siasa za Tamil Nadu. Uchaguzi wa 1980 na wa 1984 likaenda chama cha Congress, 1989 DMK, 1991 likarudi AIADMK kupitia E. Madhusudhanan (lishikeni jina hilo), 1996 DMK tena. Kisha P. K. Sekar Babu akalishika kwa AIADMK 2001 na 2006, na baadaye akahamia DMK. Wapiga kura wa pale walikuwa wanajua kumtoa mtu.

Mambo yalibadilika 2015. J. Jayalalithaa, kiongozi wa AIADMK, alikuwa amepoteza uwaziri mkuu wa Tamil Nadu pamoja na kiti chake baada ya kutiwa hatiani Septemba 2014 kwa kujilimbikizia mali. Mei 2015 Mahakama Kuu ya Karnataka ikamwachia. Akahitaji kiti haraka. P. Vetrivel, aliyeshinda R.K. Nagar 2011, akajiuzulu ili kumpisha, na uchaguzi mdogo ukafanyika Juni. DMK hawakusimamisha mtu. Jayalalithaa akapata kura 160,432, na aliyemfuata, C. Mahendran wa chama cha kikomunisti cha CPI, akapata 9,710. Mwaka uliofuata, DMK waliposimamisha mgombea, tofauti ikashuka hadi kura 39,545. Bado ulikuwa ushindi mkubwa, lakini watu walionyesha kwamba wakipewa wa kumchagua, wanachagua.

Alifariki tarehe 5 Desemba 2016. Chama kikapasuka pande mbili. Upande mmoja ukamsimamisha T. T. V. Dhinakaran, mpwa wa V. K. Sasikala, rafiki wa karibu wa marehemu. Upande wa pili ukamsimamisha yule Madhusudhanan wa 1991. Tume ya Uchaguzi ikaizuia alama ya chama, majani mawili, asiitumie yeyote: Dhinakaran akapewa alama ya kofia, mwenzake nguzo ya umeme. Kura ilipangwa kupigwa tarehe 12 Aprili 2017.

Tarehe 7 Aprili maofisa wa kodi wakapekua nyumba ya waziri wa afya wa Tamil Nadu, aliyekuwa upande wa Dhinakaran, na sehemu nyingine. Kwa maelezo ya Tume, zilikutwa karatasi zenye hesabu ya zaidi ya rupia milioni 890 za kugawa jimboni, rupia 4,000 kwa kila mpiga kura. Waziri alikana. Hebu pimeni ukubwa wake: ukomo wa gharama za kampeni kwa mgombea mmoja wa kiti kama kile wakati huo ulikuwa rupia milioni 2.8. Usiku wa tarehe 9, kura ikiwa imebaki siku tatu, Tume ikafuta uchaguzi.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Watu wa R.K. Nagar walikaa bila mbunge hadi mwisho wa mwaka. Walipoitwa tena tarehe 21 Desemba, wagombea wakuu walikuwa wale wale: Dhinakaran, Madhusudhanan, na N. Marudhu Ganesh wa DMK. Kilichobadilika ni picha tu: majani mawili yalikuwa yamerudishwa kwa upande wa Madhusudhanan, na Dhinakaran, sasa mgombea binafsi, akapewa sufuria ya presha. Akashinda kwa kura 89,013 dhidi ya 48,306. Tofauti ya kura 40,707, kubwa kuliko aliyoiacha Jayalalithaa 2016. DMK walipata 24,651 na kupoteza dhamana, yaani fedha anayoweka mgombea na kurudishiwa akipata kura za kutosha.

Na fedha je? Safari hii zilitajwa pande zote mbili. Ilidaiwa kwamba upande wa chama tawala, yaani wa Madhusudhanan, ulipeleka rupia 6,000 kwa kila kura. Upande wa Dhinakaran ulidaiwa kutumia njia ambayo hakuna ofisa wa kuikamata kwa urahisi: mpiga kura anapewa noti ya rupia 20, namba ya noti inaandikwa, na baada ya ushindi anaileta noti ile ile achukue maelfu aliyoahidiwa. Ukimsachi mama sokoni na noti ya rupia 20 mkononi, utamshtaki kwa kosa gani? Alikanusha. Ila angalieni wagawaji walichojifunza Aprili, kama madai hayo ni ya kweli: wasitembee na mabunda.

R.K. Nagar si peke yake. Mei 2016 Tume ilifuta chaguzi za Aravakurichi na Thanjavur, hukohuko Tamil Nadu, kwa sababu hiyohiyo. Kule Aravakurichi wagombea wakuu wakarudi walewale Novemba, AIADMK wakashinda viti vyote viwili. Mwaka 2019 ikawa zamu ya Vellore, kiti cha Bunge la taifa, baada ya fedha kukamatwa kwa watu waliohusishwa na mgombea wa DMK. Kura ikarudiwa Agosti, na mgombea huyohuyo akashinda kwa kura 8,141. Sasa niambieni, kufuta kumemzuia nani?

Karibuni.

Mvuvi wa Pangani

Mkuu, mada nzuri, lakini nakupinga pale penye msimamo wako. Unaongea kama vile tarehe 12 Aprili kungekuwa na uchaguzi. Kama hesabu zile zilikuwa za kweli, basi palikuwa na mnada, na uchaguzi ulikuwa haupo tena. Tume ingeacha kura ipigwe, mshindi angekula kiapo, akakaa bungeni, kesi ikaanza kuzunguka mahakamani mpaka muda wake uishe. Sheria yao ya uchaguzi ya 1951 inasema kesi ya uchaguzi ijitahidiwe imalizike ndani ya miezi sita. "Ijitahidiwe", mkuu. Nani atabanwa na neno hilo? Bora kufuta kuliko kumpa mtu kiti cha kununua halafu tumsubiri hakimu.

Halafu usisahau faida nyingine ya kufuta. Kwa siku chache nchi nzima ya India ilijua jina la jimbo lile na kilichokuwa kinafanyika. Kimya kingewasaidia zaidi wagawaji.

Binti Shangani

Mimi naona nyote wawili mnamwongelea mpiga kura kana kwamba akipokea hela ameshauza kichwa. Zirudieni namba alizozileta mleta mada. Kama madai ni kweli, upande uliotoa 6,000 mkononi ulishindwa na upande uliotoa ahadi na noti ya 20. Kwa hiyo mtu alipokea huku, akapiga kule. Mwanamke anayenunua maji kila siku kwa sababu bomba halitoi, ukimletea hela ya chakula cha nyumba yake atapokea, na hiyo haikupi haki ya kusema hakufikiri. Labda alikuwa na hasira na serikali. Labda alimwona Madhusudhanan ni mtu wa jana.

Na kuna waliokataa wote: kura 2,373 zilienda kwenye kitufe cha "hakuna hata mmoja kati ya hawa". BJP, chama kilichokuwa kikiongoza serikali ya taifa, kilipata 1,417. Hao nao ni wapiga kura wa R.K. Nagar.

Siungi mkono kufuta. Lakini siungi mkono pia lugha ya kusema watu wamenunuliwa.

Mleta mada

Dada Binti Shangani, nakubaliana nawe kabisa juu ya mpiga kura, na ndiyo maana nasema kufuta kunamwadhibu asiyestahili. Waliopokea, waliokataa na waliobonyeza "hakuna hata mmoja" wote walikaa bila mwakilishi kwa miezi ileile.

Mkuu wa Pangani, hoja ya mnada naielewa. Ila mnada ukivunjwa, dalali akaachwa na nyundo yake, kesho anaitisha mwingine. Sheria yao hiyohiyo ya 1951 inaitaja rushwa kuwa ni mwenendo mchafu wa uchaguzi, na inaruhusu aliyetiwa hatiani afungiwe kugombea hadi miaka sita. Rungu lipo. Kilichotumika Aprili ni mamlaka ya jumla ya Tume yaliyoko kwenye Katiba yao, ibara ya 324, kusimamisha kura. Tume iliomba Serikali iongeze kifungu maalumu cha kufuta uchaguzi kwa hongo, kama kile kinachohusu utekaji wa vituo vya kupigia kura, na haikukubaliwa. Mimi nasema hata wangekubaliwa, wangepata rungu lisilo sahihi. Aondolewe mtu, kura ibaki.

Mtu wa Kata

Mleta mada, hapo ndipo naposimama kukukatalia kwa nguvu zote. "Aondolewe mtu." Na nani? Siku ngapi kabla ya kura?

Sisi Tanzania neno kuenguliwa tunalijua kwa kuishi nalo. Uchaguzi wa serikali za mitaa 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi, wengine kwa madai ya kukosea kujaza fomu, hadi CHADEMA na vyama vingine vikatangaza kujitoa. Uchaguzi ulifanyika, na kura ilibaki kama unavyotaka. Ilibaki na jina moja kwenye karatasi. Ukiipa tume ya nchi yoyote uwezo wa kumwondoa mgombea siku tatu kabla kwa karatasi zilizokutwa kwenye nyumba ya mtu mwingine, umempa aliye madarakani silaha kali kuliko fedha. Mwaka 2017 Dhinakaran alikuwa hana uhusiano mzuri na serikali ya taifa kule Delhi. Mwezi uleule wa Aprili polisi wa Delhi walimkamata kwa tuhuma za kutaka kuhonga ili apate ile alama ya majani mawili, akatoka kwa dhamana Juni. Sisemi alikuwa msafi. Nasema kwamba kama Tume ingemwengua, nusu ya jimbo ingeamini imeamriwa kutoka juu, na Tume isingekuwa na ushahidi wa kuwatoa kwenye imani hiyo.

Kufuta uchaguzi kunawaumiza wote kwa kipimo kimoja. Ni kubaya, lakini hakuchagui upande.

Msomaji wa Kisumu

Ndugu zangu wa Tanzania, mnisamehe niingie. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, ibara ya 105, imeweka miezi sita kwa Mahakama Kuu kuamua kesi ya ubunge, na rufaa nayo ina miezi sita. Haijasema "ijitahidi". Si kwamba hongo imeisha Kenya, hilo nitakuwa nadanganya. Lakini wabunge wamevuliwa viti, na chaguzi ndogo zimefanyika mapema ndani ya muhula. Kwa nini mnabishana kati ya tume kufuta na tume kuengua, wakati kuna mahakama na kalenda?

Mleta mada

Mtu wa Kata, umenigusa mahali penye uzito, na sitaki nipite pembeni. Sikusema Tume imwengue siku tatu kabla, wala sitasema. Umetoa sababu zilezile ambazo ningezitoa.

Ndugu wa Kisumu amelisema ninalolitaka, nami naliongezea. Kura ipigwe siku yake. Ushahidi kama ule wa Aprili upelekwe Mahakama Kuu wiki hiyohiyo, Tume yenyewe ikiwa mlalamikaji, isisubiri mgombea aliyeshindwa atafute wakili. Mahakama iwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Akipatikana na hatia, anavuliwa kiti, anafungiwa miaka yake, na uchaguzi unaorudiwa yeye hayumo. Hapo mpiga kura atarudi kituoni, ndiyo, lakini atarudi kuchagua kati ya watu wengine. R.K. Nagar walirudishwa kuchagua kati ya walewale.

Na kwa ndugu zangu wa Tanzania: tusisahau kwamba takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilikuwa ndani ya sheria yetu hadi Mahakama Kuu ilipoitangaza kuwa kinyume cha Katiba, mwaka 2006. Wanaharakati ndio waliofungua kesi, na uamuzi ule haukuhitaji kufuta uchaguzi wowote.

Mvuvi wa Pangani

Sawa, hapo unaniongelesha. Ila bado kuna tundu. Kwenye hiyo miezi sita ya kusubiri, mshindi anapiga kura bungeni? Tamil Nadu ya 2017 ilikuwa imegawanyika, serikali inahesabu kiti kimoja kimoja. Mbunge wa kununua akiokoa serikali mwezi wa pili, kumvua mwezi wa sita kutarudisha nini?

Mleta mada

Asile kiapo mpaka hukumu itoke, pale tu ambapo Tume yenyewe ndiyo iliyofungua kesi. Najua maana yake: jimbo litakaa miezi sita bila sauti bungeni, na R.K. Nagar wangesubiri karibu sawa na walivyosubiri. Tofauti ni kwamba mwisho wa kusubiri wangepata jibu kuhusu waliotajwa kwenye zile karatasi. Mwaka 2021 Dhinakaran alikwenda kugombea Kovilpatti akashindwa, na R.K. Nagar ikamchagua J. J. Ebenezer wa DMK kwa tofauti ya kura zaidi ya 40,000. Watu wa pale walimaliza habari zao wenyewe, kwenye sanduku.

Mtu wa Kata, nakusubiri wewe hasa. Tume kufungua kesi, nayo unaiogopa?

Mtu wa Kata

Naiogopa kidogo, kwa sababu itachagua nani wa kumshtaki. Ila nipe haki ya mwananchi yeyote aliyejiandikisha jimboni kuifungua kesi hiyohiyo kwa masharti yaleyale, bila kudaiwa mamilioni ya dhamana, nami nitasaini nawe.