Mbunge kauliza bungeni barabara yetu, kajibiwa "kadri fedha zitakapopatikana". Hiyo ni ndiyo au hapana?

Maziwa_ya_Mlimani (Moshi)

Habari zenu wakuu. Niko Moshi huku juu mlimani, kata sitaji maana huku tunajuana wote na sitaki kuitwa kwenye vikao nisivyoalikwa. Tuna barabara inapanda kutoka kwenye lami mpaka kwetu, kama kilomita 9 hivi. Huku chini ina changarawe inapitika, ila ukishavuka kanisa ndo balaa lenyewe, udongo mwekundu mtupu, masika ikianza hata bodaboda anakushusha anakwambia mzee hapa malizia kwa miguu.

Sisi tuna kikundi cha maziwa. Gari la kukusanya linapita saa 12 asubuhi, mvua ikipiga usiku halipandi, basi vijana wanashusha madumu begani mpaka kanisani, wakichelewa robo saa dereva kashageuza na siku hiyo maziwa mtakunywa nyie na ndama. Ndizi nazo hivyo hivyo, mkungu unafika soko la Mbuyuni umechubuka kama umepigana, mchuuzi anakuangalia machoni anakutajia bei ya aibu na unachukua.

Sasa mwezi wa pili mbunge wetu kasimama bungeni, tulikuwa dukani watu kama kumi tumeinamia simu moja. Kauliza vizuri tu, "je, ni lini Serikali itajenga kwa kiwango cha lami barabara ya..." akaitaja jina lake kabisa, duka zima kelele kama Simba kafunga goli. Akasimama naibu waziri wa TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa niaba ya waziri naomba kujibu swali la mheshimiwa mbunge kama ifuatavyo, akasoma dakika moja na nusu hivi, mara "matengenezo ya muda maalum", mara "sehemu korofi", akamalizia kwamba barabara hiyo itajengwa kwa lami kadri fedha zitakapopatikana. Mbunge akapewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, la kwanza kaanza na pongezi kwa Rais mpaka Spika akamwambia uliza swali mheshimiwa, la pili kauliza kituo cha afya cha kata nyingine. Akakaa. Muuza duka akasema haya nani anadaiwa soda.

Naomba kuuliza wenye uelewa, hilo jibu tulichukulie vipi? Na sisi wa chini kuna cha kufanya au ndo tusubiri swali lingine mwakani?

---

Chalii_Ngarenaro (Arusha)

Hiyo ni hapana iliyovaa suti mwanangu. Funga uzi.

---

Ticha_Kiambishi (Arusha)

Chalii usifunge uzi wa watu hehe.

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari na nina ugonjwa wa kusoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, zipo kwenye tovuti ya Bunge bure kabisa na siku wanafunzi wanaponiudhi natumia majibu ya mawaziri kufundishia njeo, yaani nyakati za vitenzi. Mleta uzi, ukitaka kujua jibu la waziri lina hela au halina angalia kiambishi cha wakati tu. Akisema Serikali imetenga shilingi kadhaa katika mwaka wa fedha huu, hiyo -me- ina hela, au angalau ina mstari kwenye kitabu cha bajeti ambao mtu anaweza kuufungua na kukuonyesha. Akisema inaendelea na upembuzi yakinifu na usanifu wa kina, hapo kuna mtu kalipwa kupima na kuchora, mjenzi bado. Akisema itaendelea kutafuta fedha ndugu yangu rudi nyumbani ukafunge ng'ombe. Ukiona "kadri", hicho si kiambishi ila kinafanya kazi kuliko viambishi vyote, kinaifanya sentensi iwe kweli milele, maana hata barabara isipojengwa miaka 30 waziri hajasema uongo, fedha tu hazikupatikana.

Ila jibu lako lilikuwa na sehemu mbili na wewe umeshika ya mwisho tu. Yale maneno uliyoyapita haraka, matengenezo ya muda maalum na sehemu korofi, yalikuwa na -me- au -ta-? Na alitaja kilomita ngapi? Nenda katafute Hansard ya siku ile usome taratibu, simu dukani na kelele za goli mnakosa mambo.

---

Mstaafu_Halmashauri

Mwalimu kasema kweli. Mimi nimefanya kazi halmashauri miaka mingi, nimestaafu, sasa nalima kahawa kidogo, ngoja nieleze upande ambao wananchi hawauoni.

Kwanza swali lenyewe. Kumuuliza waziri ni haki iliyo kwenye Katiba, ibara ya 63, Bunge linaweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo kwenye wajibu wake. Lakini swali la asubuhi halitoi hela. Swali linatoa maelezo. Na mara nyingi maelezo yale yanatoka chini kwetu, wizara inauliza mkoa, mkoa unauliza wilaya, mtu mmoja ofisini anaambiwa andika hali ya barabara fulani na jibu linatakiwa leo jioni. Nimeyaandika mengi ya namna hiyo. Naibu waziri anasoma alichoandikiwa.

Pili, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni. Lakini huku wilayani bajeti tumeshaipika mapema zaidi, mwezi wa pili inakuwa kwenye vikao vya mwisho au imeshatoka. Kwahiyo mbunge kauliza wakati chungu kiko jikoni kimeshaiva, naibu waziri hata angependa hana pa kuichomeka barabara yenu.

Tatu, lami. Kila mtu anauliza lami, na ndiyo swali rahisi kujibiwa kadri. Barabara za wilaya ziko chini ya wakala wa serikali TARURA tangu 2017, zile kuu na za mkoa ziko kwa wakala mwingine TANROADS, na hela ya Mfuko wa Barabara kwa miaka mingi iligawanywa asilimia 70 TANROADS na 30 za chini, hata baada ya 2021 ilipoongezwa tozo ya shilingi 100 kwa lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, bado barabara ni nyingi kuliko hela. Ukiomba lami kilomita 9 unaomba mabilioni. Ukiomba kalvati mbili, mitaro ya pembeni na changarawe kwenye ule mlima mmoja unaoua gari la maziwa, hiyo ndiyo inaitwa sehemu korofi na hiyo inawezekana. Mlimani adui ni maji, ukiyatoa maji barabarani hata udongo mwekundu unavumilia.

Kwahiyo mwambieni mbunge nyongeza iwe hivi: ile sehemu korofi yenye urefu kadhaa, imo kwenye mpango wa mwaka huu wa fedha, ndiyo au hapana. Asichanganye na kituo cha afya. Na pongezi azipeleke siku nyingine.

---

Boda_Kiboriloni (Moshi)

mzee mstaafu shikamoo, swali moja kwanini wasiipandishe hadhi tu iende TANROADS nasikia wabunge wengi wanaombaga hivyo

---

Mstaafu_Halmashauri

Marahaba kijana. Wanaomba sana, wengine kila mkutano. Ila kupandisha hadhi kuna njia yake, inaanzia vikao vya wilaya inaenda Bodi ya Barabara ya Mkoa halafu kwa waziri mwenye dhamana ya ujenzi, na sheria ya barabara ya 2007 na kanuni zake zina vigezo. Barabara ya mkoa inatakiwa iunganishe kitu na kitu, mfano makao makuu ya wilaya na barabara kuu. Hii ya mleta uzi kwa maelezo yake inaanzia kwenye lami inaishia kwenye migomba.

---

Chalii_Ngarenaro (Arusha)

"inaishia kwenye migomba" 😂😂 mzee umeua

---

Mama_Nkya_wa_Meru

Mimi niongelee maji maana yetu yalikuwa hayo hayo ila yakaishia tofauti kidogo.

Huku upande wa Arumeru shida ni floraidi, mnajua wenyewe, miamba ya huu mlima wetu Meru ndiyo inayoitoa, watoto meno ya kahawia, kuna wazee miguu imepinda na wengine mgongo. Kiwango ni miligramu 1.5 kwa lita, zamani nchi yetu iliruhusu mpaka 4. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji wanachuja kwa mkaa wa mifupa, hiyo inafanya kazi kwa ndoo ya nyumbani lakini huwezi kuchujia kijiji kizima kwa ndoo.

Mbunge wetu wa wakati huo aliuliza mara ya kwanza "lini Serikali itamaliza tatizo la maji" akajibiwa mambo ya mradi mkubwa wa Arusha ule wa bilioni 520, ambao kweli ni mkubwa lakini bomba lake halifiki kwetu. Tukakasirika. Diwani wetu, mama mmoja mkali, akaenda kupima maji ya visima vitatu, akamkabidhi mbunge karatasi ya maabara. Mara ya pili mbunge kauliza kisima kwa kisima kwa jina na kipimo chake, na nyongeza akamuuliza waziri kama yuko tayari kuyanywa hayo maji. Bunge likacheka. Waziri akasema yuko tayari kuambatana na mheshimiwa mbunge baada ya kikao hiki akajionee.

Sasa hapo ndo nataka kusema jambo. Wabunge wakisikia "nitaambatana na wewe" wanapiga meza kama wamepata kitu. Sisi tulingoja mwezi, tukangoja wa pili, hakuna mtu. Diwani akachapa ile kurasa ya Hansard akaibandika ubao wa ofisi ya kata na tarehe akaandika kwa peni nyekundu, na kila kikao cha baraza la madiwani anaisoma kwa sauti. Waziri hakuja, alikuja mtu wa chini yake, akafunga kisima kimoja kibaya kabisa na tukavutiwa maji kutoka chanzo kingine cha juu kwa bomba la inchi mbili. Visima viwili bado. Sio ushindi mkubwa, ila mjukuu wangu mdogo meno meupe.

---

Boda_Kiboriloni (Moshi)

shikamoo mama, hapo kwenye kunywa maji waziri ningempa glasi hapo hapo

---

Ticha_Kiambishi (Arusha)

Mama Nkya shikamoo, hiyo ya peni nyekundu nimeipenda. Niongeze kwamba kuna siku mbunge ana meno kuliko asubuhi ya maswali. Wakati wa bajeti, wakishamaliza kuchangia Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi, wanapofika kifungu cha mshahara wa waziri mbunge anaweza kusema asiporidhika anashika shilingi, yaani anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara wa waziri, wenzake wakimuunga mkono hoja inajadiliwa na waziri lazima asimame ajieleze bila karatasi aliyoandikiwa. Mara nyingi shilingi inarudishwa jioni ile ile, nakiri, ila ahadi inayotolewa pale waziri akitokwa jasho huwa na tarehe.

---

Maziwa_ya_Mlimani (Moshi)

Wakuu nimerudi. Asanteni sana, mzee mstaafu na mama Nkya shikamooni.

Nimefanya alivyosema ticha, nimeitafuta Hansard na kijana wangu tukaisoma usiku. Aisee. Naibu waziri alisema barabara ile ina urefu wa kilomita 6.1. Nikasema huyu kakosea, sisi tunajua ni 9. Jana nimeshuka mjini nikaonana na injinia, kijana mstaarabu tu, akafungua kompyuta akanionyesha mtandao wa barabara za wilaya. Ya kwetu inaishia kanisani. Kuanzia kanisani kupanda mpaka kwetu HAIPO. Yaani zile kilomita 3 zinazotuua, kwenye vitabu vya serikali hakuna barabara pale, kuna migomba.

Nikamuuliza imekuwaje, akaniuliza mimi, ile barabara nani aliichonga? Nikanyamaza. Maana nakumbuka, nilikuwa mdogo, ni baba zetu waliichonga kwa msaragambo, kila nyumba ilitoa mtu na jembe, akina mama wakapika kiburu. Hakuna aliyewahi kwenda kuiandikisha popote. Kwahiyo mbunge angejibiwa hata "imetenga", greda lingefika kanisani likageuza kihalali kabisa na sisi tungelia tumeonewa.

Injinia kasema tuanze na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, upite kamati ya maendeleo ya kata, waje wapime, na wenye mashamba pembeni wasaini kwamba wanaridhia upana. Hapo kwenye upana ndo nawaza, kuna mzee mmoja kihamba chake, yaani shamba la ukoo, kimekula barabara mpaka magari yanapita kwa upande, na huyo mzee ni baba mkwe wangu.

---

Chalii_Ngarenaro (Arusha)

hapo mkuu hata waziri mkuu hawezi kukusaidia 😂

---

Mstaafu_Halmashauri

Kwa mkwe nenda na wazee wawili wa ukoo na isale, lile jani letu la kuombea msamaha na amani, usiende na karatasi ya serikali siku ya kwanza. Na mkutano wa kijiji ufanyike kabla ya mwezi wa kumi na moja, baada ya hapo tunaanza kupika bajeti nyingine.

---

Maziwa_ya_Mlimani (Moshi)

Sawa mzee. Jumapili baada ya ibada naenda kwake.