Tupeane uzoefu: Ulipata wapi prosesa kwa bei nzuri, na ulijuaje kuwa ni nzuri kweli?

SoketiMoja:
Wakuu, habari za majukumu. Wengi wananiuliza prosesa fulani (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) inauzwaje Kariakoo. Bei nawatajia, lakini nimeshaona prosesa ya bei ya chini ikaja kuwa ghali kuliko zote, maana iligoma kukaa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya mnunuzi. Ndiyo maana nataka tukusanye visa vyetu hapa, na bei zake. Naanza na cha kwangu.

Mdogo wangu ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, anatumia kompyuta ya Dell OptiPlex 9020 yenye prosesa ya Intel i5-4570. Alipoanza kuhariri video za harusi, mashine ikawa inakokota. Soketi yake, yaani pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi, ni LGA1150, kwa hiyo inapokea i7-4790: kori 4 zilezile (sehemu zinazofanya kazi), lakini nyuzi 8 (kazi zinazokwenda sambamba) badala ya 4. Zote mbili ni za wati 84, hivyo feni ileile inatosha.

Duka la kwanza waliniambia 220,000. La pili 180,000, bila kushuka. Nikaacha kuulizia prosesa, nikaanza kuulizia mashine nzima za mtumba. Nikapata boksi lenye i7-4790 na RAM ya GB 8, halina diski, kwa 260,000. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji aliwashe tuingie kwenye BIOS, programu ya msingi ya mazabodi, tusome jina la prosesa. Kisha tukazima, tukatoa feni, tukafuta pesti ya kupitisha joto kwa kitambaa, na juu ya bati la prosesa pakasomeka SR1QF, ambayo ndiyo namba ya i7-4790. Nyumbani nilibadilishana: i7 kwa mdogo wangu, i5 kwenye boksi nililonunua, nikaliuza 170,000. Hesabu yake: i7 imenigharimu 90,000.

Watu wakisaka bei wanasahau kwamba prosesa ya zamani mara nyingi ni rahisi zaidi ikiwa bado ndani ya mashine yake.

Wa_Umoja:
Kongole mkuu. Mimi niko Nairobi, yangu ni ya vifaa vipya. Kijana wangu alitaka mashine ya michezo, na kadi ya grafiki (inayotoa picha kwenye skrini) alikuwa ameshapewa na binamu yake. Kila duka tulilopitia pale Moi Avenue walitusukumia i5-12400. Nikasema nataka 12400F. Tofauti ni kwamba yenye F haina grafiki yake ndani, na kwa sababu hiyo huuzwa bei ya chini. Kwa mwenye kadi, unalipia grafiki ya pili ya nini? Ila asiye na kadi asiiguse, atawasha na skrini itabaki nyeusi.

BintiPwani:
Nipo Dubai. Ukipita mtaa wa Khalid bin Al Waleed, Bur Dubai, uliza bei mbili: ya boksi (prosesa kwenye pakiti yake ya dukani) na ya trei (bila pakiti hiyo). Ya trei huja bila feni, na waranti mara nyingi ni ya duka lenyewe. Kaka yangu Tanga alikuwa na feni nzuri tayari, nikamchukulia ya trei, nikampa shoga yangu aliyekuwa anarudi. Lakini ikifa, nani atairudisha huku? Punguzo likiwa dogo, chukua ya boksi.

KoriSita:
Kwa upande wa AMD, washindani wa Intel wanaotengeneza prosesa za Ryzen, mimi nilisubiri. Ryzen 5 5600 ilitoka Aprili 2022 kwa dola 199. Septemba mwaka huohuo ukaingia mfululizo wa 7000, na wa 5000 ukaanza kushuka. Nilikuwa na mazabodi ya B450 na Ryzen 3 1200, nikaweka hiyo 5600 na kubaki na soketi ileile ya AM4 na RAM zangu za aina ya DDR4. Ningekwenda AM5, soketi ya mfululizo wa 7000, ningelazimika kununua mazabodi mpya na RAM za DDR5, na hapo bei ya prosesa inakuwa kipande kidogo tu cha hesabu.

Mambo mawili kwa anayefuata njia hii. Sasisha BIOS kabla hujatoa prosesa ya zamani, maana ukishaitoa hutakuwa na cha kuwashia. Na unapotoa feni, iache mashine ifanye kazi kwanza pesti ipate joto, uizime, kisha izungushe feni taratibu kushoto na kulia ndipo uinue. AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe. Ukivuta kwa nguvu inang'oka pamoja na feni, pini zinapinda.

FundiMbagala:
Naongezea: jihadharini na Ryzen PRO za mtumba zinazouzwa peke yake. Baadhi zimefungwa kwenye mazabodi za kampuni iliyounda mashine ile, hazifunguki tena. Mteja wangu alileta moja, nzima kabisa, haiwaki popote. Na ukiona bati limeandikwa "Intel Confidential", hiyo ni sampuli ya majaribio, haikukusudiwa kuuzwa.

Mgeni_Jamvini:
Mleta mada, i7 ya kizazi cha 4 (kama hiyo 4790) si ndiyo Windows 11 inaikataa? Na Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho Oktoba 14, 2025. Hiyo 90,000 haikupotea?

SoketiMoja:
Swali zuri sana mkuu. Mdogo wangu anaitumia kuhariri tu, haiunganishwi na intaneti, ndiyo maana nilikubali. Anayeitaka Windows 11 kwa kazi za kila siku aanzie kizazi cha 8. Lakini asinunue i5-8400 akidhani itakaa kwenye mazabodi ya i5-6500 kwa kuwa zote huitwa LGA1151. Haitawaka. Huyo namshauri auze mashine yote, atafute nyingine ya kizazi cha 8 ikiwa kamili. Mwenye mashine ya namna hiyo aandike hapa modeli na bei aliyoambiwa, tumpigie hesabu kabla hajalipa.