Bibi anaamini mwanae hakufa kwenye MV Bukoba, tumwache au tumwambie ukweli?

Kijana wa Igogo:
Habari zenu wakuu. Bibi yetu mzaa baba yupo huku Ilemela, umri umeenda. Mwaka 1996 baba mdogo alipanda MV Bukoba kuja Mwanza, na ile Mei 21 meli ilipozama mwili wake haukupatikana. Wengi walizikwa pale Igoma, yeye hana kaburi. Basi bibi akashika kwamba mwanae aliokolewa na wavuvi wakampeleka Uganda, yupo huko ana maisha yake, akijipanga atarudi. Nguo zake bado zipo kwenye sanduku la bati, kila kiangazi anazitoa anazianika halafu anakunja upya. Yaani hata simu ikiingia inaanza na +256, hata kama ni tapeli, anataka apewe aongee yeye. Sasa binamu yangu kamaliza chuo anasema tunamdanganya mzee wa watu, aambiwe ukweli alie yaishe. Mimi naona hiyo Uganda ndo inayomwamsha asubuhi. Hivi kitu cha uongo kinachokupa faraja kina faida kwa mtu na kwa jamii, au ni kuahirisha kilio tu?

Pasiansi Kwetu:
Mwacheni bibi wa watu. Huyo binamu kama ana uchungu na ukweli aanze na vijana wa hapa mjini wanaolala njaa kwa sababu hela yote ipo kwenye mkeka wa kubeti, kila Jumamosi mechi moja tu ndo imemchania, wiki ijayo anatoboa.

Mwl. wa Visiwani:
Mkuu usikimbilie kusema ni uongo. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, siku mbili baadaye fundi wa kivuko alitolewa mzima, alijibanza ndani sehemu yenye hewa. Mtu angesema siku ile "kuna mzima humo" tungemwona kachanganyikiwa. Ila siku mbili sio hii miaka yote ya bibi yako, hapo nakubaliana na binamu.
Halafu kuhusu jamii, chukulia Majimaji 1905. Watu wanaicheka ile dawa ya Kinjekitile ya kugeuza risasi kuwa maji, lakini bila hiyo dawa Wamatumbi, Wangindo na Wangoni wangesimama upande mmoja lini? Kuunganisha iliunganisha. Risasi ndo hazikugeuka, na Wajerumani wakachoma vyakula, njaa ikaua watu kuliko hata bunduki. Kwa hiyo mimi siulizi kama ni kweli au uongo, nauliza gharama inamwangukia nani.

Mzee wa Dagaa:
Mwalimu umenigusa aisee. Mimi ni mvuvi, kuna tajiri niliwahi kumfanyia kazi, siku za giza, zile mwezi hauwaki tunapovua dagaa, zikikaribia anatupeleka kwa mganga tunachanjwa chale, tunapewa na kafuko ka dawa ka kufunga kwenye mtumbwi. Niseme ukweli kale kadawa kalisaidia, sio kwenye samaki, samaki walikuja walivyotaka. Ni kwamba upepo ukiwakuta katikati ya ziwa usiku mkaanza kuogopa, mmoja analia mwingine anatukana hakuna anayechota maji, mnakwisha. Sisi tuliamini tumekingwa kwa hiyo tunatulia tunachota mpaka panakucha. Ubaya ulianzia pale jamaa walipoacha majaketi ya kuokolea nyumbani, "sisi tuna dawa bwana". Na ni imani za humuhumu zilizoua ndugu zetu wenye ualbino kanda hii miaka ile ya 2007, 2008, eti kiungo kinavuta samaki na dhahabu. Anayefarijika tajiri, anayelipa mtoto wa mtu.

Nesi Nyakato:
Huku wodini hayo tunayaona. Kuna utafiti ulifanyika Boston ukatoka 2010, wagonjwa 80 wa tumbo linalovurugika kila mara, karibu nusu wakapewa vidonge na wakaambiwa kabisa havina dawa ndani. Bado 59% wakasema wamepata nafuu, wale wasiopewa kitu 35%. Mimi nilichoelewa hapo ni kwamba mtu anahitaji kushughulikiwa, uongo sio lazima. Ila kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo 2011 sitaki hata kukisikia, mia tano yenyewe haikuwa shida, shida ni walioshuka Samunge wakaacha na ARV.

Kijana wa Igogo:
Nimesoma zote. Hilo la nani analipa limenikumbusha mama mdogo, mke wa marehemu. Aliposema anataka kuolewa ukoo ukamwita msaliti, mume yupo hai unaenda wapi, akarudi kwao Muleba na watoto wawili mikono mitupu. Na kiwanja cha baba mdogo kule Buswelu hakiguswi mpaka leo, mwenyewe akirudi atajenga wapi? Wale watoto ni watu wazima sa hivi, mmoja anaendesha bodaboda kapanga chumba.

Wakili Msomi Mtarajiwa:
Kisheria mtu asiposikika miaka mitano kwa wale ambao wangepaswa kusikia habari zake, mahakama inaweza kumhesabu amekufa. Itisheni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mpendekeze msimamizi wa mirathi mwende mahakamani. Bibi abaki na Uganda yake ila watoto wapate kiwanja cha baba yao.

Kijana wa Igogo:
Kikao ndo pagumu mkuu, hakiwezi kukaa bila yeye.

Pasiansi Kwetu:
Mwambieni watoto wanajenga ili baba yao akifika akute nyumba 😀

Wakili Msomi Mtarajiwa:
Acha utani, muhtasari lazima useme "marehemu" na utasomwa mbele ya wote.

Kijana wa Igogo:
Binamu kaikataa hiyo ya Pasiansi palepale. Mama mdogo nimempigia jana nikamsimulia, kacheka sana, kasema yeye hilo neno liandikwe tu, ila anayelisoma asipaze sauti maana bibi sikio moja halisikii.