Naomba ushauri: nifundisheje seli za glia?

Wakuu, habari zenu. Nafundisha baiolojia kidato cha sita, Mbagala. Nilizoea kuziita glia, yaani seli saidizi za mfumo wa neva, "gundi ya ubongo", basi. Jana mwanafunzi akauliza: kama ni gundi tu, mbona ziko aina nyingi? Swali zuri mno.

Nimenunua nyaya na utepe mweusi Kariakoo, nionyeshe oligodendrositi moja (aina ya glia) inavyozungushia mayelini, utando wa mafuta, kwenye aksoni kadhaa, yaani nyuzi ndefu za seli za neva, wakati seli ya Schwann, glia ya nje ya ubongo na uti wa mgongo, huzungushia moja tu. Hapo sawa.

Nimekwama kwenye astrositi, glia zenye umbo la nyota: za sehemu ya kijivu ya ubongo zina matawi mafupi yaliyosongamana, za sehemu nyeupe marefu, machache. Na mikroglia, zinazopapasa jirani zake na kumeza mabaki? Nitumie nini cha bei nafuu? Kipindi ni Alhamisi.