Bibi yangu na mkutano wa shehia

Muulizaji, Wete: Assalaam aleikum. Bibi yangu ana miaka 78 na hajakosa kupiga kura hata mara moja, lakini mikutano ya shehia, yaani ngazi ya chini ya utawala huku kwetu Zanzibar, ameiacha, kwa kuwa hufanyika jua kali, viti ni mabenchi yasiyo na egemeo, na sauti za wasemaji hazimfikii. Nifanyeje ili maoni yake yasikike?

Jibu, Chake Chake: Waaleikum salaam, mwanangu. Muone sheha, mkuu wa shehia, kabla ya siku yenyewe, umuombe wazee wakae mbele na waanze wao kusema.

Jibu, Mkoani: Pencheni Jamii, malipo ya Serikali ya Zanzibar kwa wazee, ilipoanza mwaka 2016 kwa waliotimiza miaka 70, sisi tulizungumza na wazee wetu palepale kwenye foleni ya malipo, na mama mmoja, fimbo mkononi, akatuonesha kwa kidole bomba lililokauka ambalo vijana tulilipita kila siku bila kulitaja. Naona ni kosa kubwa kuwafuata wazee wakati wa kampeni tu.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nimemuuliza usiku huu. Anataka njia ya kituo cha afya itiwe taa, na anataka kulisema mwenyewe.