Cheti cha GLOBALG.A.P. kwa kikundi: naombeni ushauri

Habari zenu wadau. Niko Kayunga, Uganda, tunalima mananasi na maembe kidogo. Mnunuzi wa Uholanzi anataka GLOBALG.A.P., yaani cheti cha kilimo bora na salama, kabla hata ya kuzungumza bei. Cheti chenyewe ni cha mwaka mmoja, kisha unakaguliwa upya, na gharama ya mkaguzi si ya kubebwa na mkulima mmoja. Ndiyo maana tunafikiria kuomba kama kikundi.

Hofu yangu ni jirani mmoja: dawa anapiga vizuri, ila daftari hana. Ukimuuliza alipiga lini, anakuonyesha chupa tupu! Uzembe wake unaweza kutuangusha wote. Mliopitia hili, mkaguzi wa ndani, yule wa kikundi chenyewe, mlimtoa miongoni mwenu au mlimwajiri kutoka nje? Na asiyeandika mlimfanyaje?

La pili ni maembe. Nanasi likienda Ulaya haliulizwi cheti cha afya ya mimea, lakini embe bila hicho haliingii, na nzi wa matunda akionekana mzigo umekwama uwanja wa ndege wa Entebbe. Mitego ya kuning'iniza inatosha, au nianze na mananasi pekee? Mwenzangu anasema maembe tuyakaushe tuuze makavu. Sijashawishika.