CentOS 7 haiwaki baada ya kuhamia Proxmox, inaishia dracut

kebo_ndefu
Wakuu, msaada. Nimehamisha CentOS 7 kutoka HP ProLiant DL380 G7 (RAID ya P410i) kwenda Proxmox (jukwaa la mashine pepe). Diski nzima nimeinakili kwa dd, nikaiweka kama VirtIO Block (aina ya diski pepe). Menyu ya GRUB (programu ya kuwashia mfumo) inatokea, halafu "dracut-initqueue timeout" mfululizo, mwisho "/dev/mapper/centos-root does not exist". Data ndiyo imekwenda?

fundi_mitambo
Data ipo, mkuu, ilimradi dd uliifanya mfumo ukiwa umezimwa. GRUB husoma diski kupitia BIOS, ndiyo maana menyu inakuja. Keneli ikishapokea kazi inataka draiva yake, na CentOS 7 hujenga initramfs (faili la kuwashia lenye draiva) kwa kipimo cha mashine iliyopo: yako ina hpsa (draiva ya RAID ya HP), haina virtio_blk (ya diski za VirtIO). Hapo hapo kwenye dracut (skrini ya dharura ulipokwama) andika `ls /dev/vd*`. Usipoona vda, ugonjwa ni huo.

Washa upya, kwenye GRUB chagua mstari wenye 0-rescue, huo umebeba draiva zote. Ukiingia, amri ya kwanza itakuonyesha matoleo ya keneli, uliweke husika badala ya TOLEO kwenye ya pili:

`ls /lib/modules`
`dracut -f --add-drivers "virtio_pci virtio_blk virtio_scsi" /boot/initramfs-TOLEO.img TOLEO`

rootkali
Kwenye TOLEO ndipo watu hujikwaa. `dracut -f` tupu hujengea keneli inayotumika muda huo, na 0-rescue kwa kawaida ni keneli ya siku ya kusakinisha, si ya baada ya yum update. Unawasha tena, kosa lile lile, unadhani dawa imegoma. Andika toleo jipya kwa ukamilifu, kisha hakiki kabla ya kuzima:

`lsinitrd /boot/initramfs-TOLEO.img | grep virtio`

Chungulia na /etc/fstab (orodha ya diski za kupandishwa mfumo ukiwaka). Ukikuta /dev/sda1 ya /boot, weka UUID (kitambulisho kisichobadilika na jina la diski) kutoka `blkid`. Kwenye VirtIO diski inaitwa vda, na ukiacha sda1 mfumo utasubiri sekunde 90 kisha ukutupe emergency mode.

kebo_ndefu
Imewaka! fstab kweli ilikuwa na sda1. Sasa mtandao hamna, `ip a` inaonyesha ens18 haina anwani.

fundi_mitambo
Jina la kadi ya mtandao limebadilika. Nakili ifcfg (faili la mipangilio ya kadi) ya zamani iwe /etc/sysconfig/network-scripts/ifcfg-ens18, badili NAME na DEVICE, futa mstari wa HWADDR (ni MAC ya kadi iliyobaki kwenye HP), ile ya zamani iondoe, halafu `systemctl restart network`. Kama hp-health (programu ya HP ya kupima afya ya mashine) ipo, itoe. Humo ndani haina cha kupima.